Jiko la Kwosir

Limekaa kwenye kona ya sebule kama ng'ombe aliyelala,
miguu minne mifupi, tumbo jeusi,
na ufa mmoja ubavuni, urefu wa kidole changu cha shahada.
Ufa huo umenizidi umri.

Baba alilinunua mnadani, kiwanda cha mbao kilipofungwa,
akalipandisha Kwosir kwa mkokoteni wa punda na wanaume watano.
Walipumzika mara kumi na moja. Mama alihesabu.
Majirani wakatoka uani:
"Mangusho kanunua jeneza la chuma! Amzike nani?"
Usiku uleule jalidi ikashuka kutoka mlimani,
ikababua majani ya viazi shamba zima,
na waliocheka wakabisha hodi mmoja mmoja,
huyu anaomba chumvi, huyu anaulizia ndama.
Hakuna aliyetaja baridi.

Baba hakuwa mtu wa maneno.
Kuhusu msitu waliotolewa,
alikoacha mizinga ishirini ya nyuki,
sikumsikia hata mara moja.
Ila kuhusu kuni angeweza kukesha:
mkaratusi mbichi ni mgomvi, unalia, unatema maji,
unapaka lami ndani ya bomba,
na lami, mwanangu, siku moja hudai paa.
Mbuni mzee, uliokauka misimu miwili,
huo huwaka kama mtu mwenye haki, bila kupaza sauti.
Usilijaze tumbo. Hewa nayo ile.
Wala usimwagie maji chuma cha kusubu kikiwa moto,
hakijui kupinda kile,
kinapasuka tu.
Alisema hivyo akiutazama ufa,
na mama akaitazama birika.

Sasa baba amelala nyuma ya shamba la shayiri,
na kaka yangu Kissa amepanda kutoka Mbale
na mtu wa vyuma chakavu, mwenye mizani ya ndoano.
Wakang'oa kilango, wakakipima: kilo tisa.
Mwili wote, akakadiria yule mtu, mia na kumi.
Akataja bei.
Kissa akanitazama.
Mimi nilikuwa nakanda mfinyanzi, majivu na mavi ya ng'ombe,
dawa ya ufa, kama kila mwaka kabla ya Juni.
Mikono ilijaa tope hadi viwikoni,
sikuweza kumpa mtu mkono wa mapatano.

Halafu mvua ikaishika barabara.
Yule mtu akateremka na pikipiki yake akiteleza,
akasema Jumatatu.
Kissa akakwama nasi, na viatu vyake vya mjini,
na blanketi moja, na kikohozi.
Alikirudisha kilango kwenye bawaba bila kuambiwa.
Kwa ajili ya usiku huu tu, alisema.

Saa tisa usiku nikasikia bawaba.
Hapana. Kabla ya bawaba nilisikia ule mkono wa bomba ukigeuzwa,
kisha kimya, pumzi tatu, nne,
moshi upate njia,
ndipo bawaba.
Nani alimfundisha kungoja?
Aliondoka hapa ana miaka tisa.
Akaweka gogo moja la mbuni, si mawili,
akachuchumaa, viganja mbele,
na mwanga ukamchora mgongoni mwa ukuta
mabega yaleyale, shingo ileile fupi.
Nikafumba macho haraka
nisije nikamfumania.

Asubuhi mabati yalikuwa meupe kwa jalidi,
isipokuwa duara moja jeusi kulizunguka bomba,
na kunguru wawili wamesimama humo, wanagombea nafasi.

Jumatatu simu ya Kissa ililia juu ya meza.
Ikanyamaza, ikalia tena.
Mama akaniuliza, mbona hapokei?
Alikuwa juu ya paa na mnyororo wa baba,
anaushusha ndani ya bomba na kuupandisha,
masizi yakimwagika kwa kishindo humu ndani
hadi kwenye sahani ya viazi.
Labda hakuisikia.