Jani la Kumi na Saba

Hesabu kutoka juu, Mama Teonesta, si kutoka chini.
Ule mkuki wa katikati uliofumba, uache.
Anza na jani lililofunguka jana au juzi, liite la kwanza,
kisha shuka ukizunguka shina
mpaka la kumi na saba.
Hilo ndilo tunalolihoji. La juu bado mtoto,
la chini limekwisha kukopwa kila kitu na wadogo zake,
halidai tena.

Nililikata. Likaanguka na mlio wa mkeka mkavu,
rangi ya chungwa upande mmoja,
upande wa jua.
Pale lilipofunikwa na jani jirani
lilikuwa kijani bado,
mstari umenyooka kama wa rula.

"Jua la Simbo limezidi," akasema.

Halijazidi, mama.
Ndilo lile lililomkuta marehemu Bitaliho
akichimba mashimo ya michikichi hii.
Kilichopungua ni mkono wa kulipokea.
Ndani ya umbijani, katikati kabisa,
imekaa chembe moja ya magnesiamu
kama mwami juu ya machela,
na wabebaji wake wanne, wote naitrojeni.
Mwami akiondoka, mwanga unabisha hodi
nyumba haina mtu.
Na mwanga usioliwa
huanza kula.

Nikageuza jani, nikamwonyesha tumbo lake:
hapa pana midomo, maelfu, jicho haliioni,
na bawabu wake ni potasiamu.
Bawabu akidhoofika midomo inabaki nusu wazi,
hewa inaingia kwa kubembeleza,
sukari inapikwa kidogo,
na mkungu unakuwa mwepesi
hata mtoto anaubeba kwa mkono mmoja.

"Sasa hiyo potasiamu," akauliza, "nani kaiba?"

Mvua imechukua yake, nikasema, udongo huu ni mchachu, haushiki.
Lakini niambie, mikungu mitupu
mnaipeleka wapi baada ya kukamua?

Akanyamaza.
Nyuma ya jiko palikuwa na pipa la majivu,
kitambaa cha kuchujia, sufuria jeusi,
na vipande vya gwanji vimepangwa kwenye ubao
vikisubiri Jumatano ya Mwandiga.

Majivu hayo ndiyo yenyewe.
Miaka thelathini mmeiogea miti yenu,
mkaisuuza, ikashuka na Luiche.

Nilidhani atakasirika.
Alicheka mpaka akashika shina.
"Kumbe kanzu za Ujiji zimelila shamba langu!"

Kisha hesabu, na hesabu haikuwa nyepesi.
Sabuni ndiyo ada ya Nyabenda, muhula wa pili bado.
Tukaafikiana nusu: nusu ya mikungu irudi shinani,
ilazwe kuzunguka mti, ioze taratibu,
nusu iende kwenye pipa. Mbolea ya duka
tutaiongea ng'ombe akiuzwa.

Na hili jani, litapona?

Hili halirudi. Chungwa ni chungwa.
Ule mkuki juu, uliofumba bado,
ndio utakaofika namba hii, pengine mwakani kabla ya masika,
ndipo tutajua kama mti umetusamehe
au unatuchelewesha tu.

Nikaweka vipande kwenye bahasha ya kaki,
nikaandika: Simbo. Bitaliho. Mti wa arobaini na mbili.
Akaniangalia nikiandika, akainusa mikono yake.

"Ongeza hapo," akasema, "mwenye mti
ni msafi sana."