Mdomo kwa Sikio

Dundee, saa nane usiku; hita nimeizima, bili imekaba.
Kibao cha saketi, upana wa kiberiti,
kinawasha taa yake moja nyekundu
na kuninunia.

Salha kaamka kunywa maji, kachungulia waya:
"Baba, umefunga mdomo kwa mdomo.
Nani atasikia?"
Nikazipishanisha.

Kikaanza kuropoka: mabano, nyota,
alama za kuuliza zisizo na swali.
Kumbe nakisikiliza kwa mwendo wa elfu tisa mia sita,
chenyewe kina mbio za laki na ushei.
Nikapandisha.

Dirishani, ukungu wa mto Tay.
Kwenye skrini nyeusi, neno moja
na kimstari kinachopepesa:

Jina?

Salha keshalala, wa kumwonyesha sina.
Naandika langu, taratibu, herufi kwa herufi.
Kinalikataa.
Kinauliza tena.