Namba Hamsini na Tatu

Kijiji chetu, Granträsk, kina nyumba kumi na moja
na moshi wa nne tu.
Kanisa hakina, wala hakijawahi kuwa nalo.
Kanisa liko Norrmark, makao ya usharika,
kilomita thelathini na sita kwa lami.
Zamani hakuna aliyehesabu kilomita;
walihesabu mahali pa kumpumzisha farasi:
mara ya kwanza kwenye jiwe la Elof,
mara ya pili darajani,
mara ya tatu farasi mwenyewe ndiye aliyeamua.

Huendi na kurudi kwa siku moja,
na watoto, na baridi ile ya kupasua miti usiku
kwa mlio wa bunduki.
Ndiyo maana kanisa lile la mawe,
nene la kuta, fupi la mnara,
limezungukwa na vijumba vyekundu vya mbao,
mia tatu na kitu, vimebanana kama vifaranga,
kila familia ya mbali na kijumba chake
cha kulala Jumamosi ili Jumapili iwakute karibu.

Chetu ni namba hamsini na tatu.
Maji hamna. Umeme hamna, na sheria hairuhusu.
Mna meko, benchi, kitanda cha watu wawili
walicholala sita,
na ukutani majina yaliyochongwa kwa kisu,
la juu kabisa limeliwa nusu na moshi.

Mzee Hjalmar alikufa Januari,
mwaka theluji ilipochungulia madirishani.
Njia haikupitika. Wakamweka bandani, kando ya kuni,
wiki tatu, mgumu kuliko kuni zenyewe.
Kila asubuhi mjukuu wake Tekla, miaka tisa,
alimpelekea kahawa.
Kila jioni mama yake alikwenda kimya
kuchukua kikombe chenye barafu nyeusi.

Njia ilipofunguka wakafunga sleji.
Usiku ukawakuta Norrmark, mchungaji kalala.
Jeneza likabaki nje ya mlango,
wao wakajipanga ndani mbele ya moto.
Tekla akauliza gizani:
Jina lake limo humu. Mbona yeye yuko nje?

Hakuna aliyejibu.
Baba aliinuka, akavaa buti.
Wakamwingiza, wakamlaza kati ya benchi na meko,
kisha mama akachukua ndoo ya theluji
akauzima moto,
maana maiti na joto havikai chumba kimoja.
Wakalala na makoti, na kofia, na glavu,
pumzi zikipanda juu, za watu watano,
katika chumba cha watu sita.

Alipopata kipaimara, Tekla alichonga jina lake.
Herufi mbili zikapishana: TELKA.
Baba akataka kuliparua. Akakataa.
Likishachongwa, alisema, ndiyo sahihi yangu.

Mwaka huu, Agosti, nilimpeleka mimi.
Majivu yake kwenye kiti cha mbele;
gari likapiga kelele, halitaki kunyamaza,
mpaka nilipomfunga mkanda.
Dakika ishirini na saba.
Kwenye jiwe la Elof nilipunguza mwendo,
sijui kwa ajili ya nani.

Ibada ni mara moja kwa mwezi sasa, waumini tisa,
kengele inapigwa na umeme,
na watalii wanapiga picha milango yetu
wakidhani hakuna mtu ndani.
Ningeweza kurudi nyumbani siku ileile.
Nililala hamsini na tatu, yeye juu ya benchi.
Sikuwasha moto.

Asubuhi mchonga mawe alipiga simu,
anataka jina, herufi moja moja.
T, nikasema. E. L. K. A.
Akanyamaza. Karatasi ya kanisa inasema vingine.
Una hakika?
Nikaweka kidole ukutani.
Sahihi, nikamwambia.