Mwonjaji

Sista Kageha, uliniuliza mara nne,
miezi minne, kalamu ileile ya bluu:
"Mama, unakunywa?"
Mara nne nikakujibu: maji. Na chai, maziwa yakipatikana.
Ukaandika. Niliuona mkono wako ukichora
"hapana" nyoofu, safi, kama ya mtu mwingine.

Wahenga wana lao: mficha uchi hazai.
Mimi nilificha, na nikazaa.
Usiku wa mvua, Obunga, stima imepotea,
mtoto kilo mbili na gramu mia,
vidole vyake vikitetemeka
kama vya mzee Nyangweso akingoja glasi ya asubuhi.

Nisikilize basi. Leo nina jibu.

Kazi yangu ilikuwa kuonja.
Mama Aloo alipika chang'aa, mimi nikaonja.
Kiberiti kwanza: mwali wa samawati, hiyo kali;
mwali ukisitasita, imetiwa maji.
Lakini moto hausemi yote. Wateja wanataka ulimi,
na ulimi ulikuwa wangu.
Kijiko kwa kila pipa. Kijiko si kunywa, nilijiambia.
Mapipa sita.
Kisha vijiko vikawa vikombe,
tumbo likaanza kuchungulia chini ya leso,
na mimi bado nasema: kazi.

Si kwamba sikujua.
Ukutani kwenu ipo picha ya mama mjamzito
na chupa iliyopigwa mstari mwekundu.
Nilikaa chini yake, foleni ndefu,
nanuka mafuta ya mgongo wazi niliyojipitisha penye makaango
makusudi, ili usinuse kingine.

Likaja baadaye lile lisilo na picha.
Okoth akilia, namsikia kama redio ya jirani.
Wakasema: mpeni busaa, maziwa yashuke.
Wakasema uchovu. Wakasema uvivu. Mama mkwe akasema chira,
akaleta mwombezi aliyenimwagia maji kichwani
hadi godoro likalowa.
Ugonjwa, hilo neno hakulitamka mtu.
Saa tisa usiku niko macho,
natazama pipa la maji uani,
napima kina chake kwa jicho,
nisijue nampimia nani.

Pipa lile nimelioshea nguo miaka mitatu.
Usiku ule nililiogopa.

Nikamfunika mtoto kwa sweta nikaja.
Askari wa lango alikuwa akipiga mswaki.
Hukusema "ungeniambia mapema".
Uliinuka, ukavuta kiti chako
kutoka upande wa meza wenye mihuri
ukakileta huku, upande wa wanaolia.
Ukauliza tena, maneno yaleyale.
Safari hii kalamu ilibaki mfukoni.

Sasa napewa siku mojamoja, pamoja na vidonge.
Jumanne tuko sita kwenye chumba cha chanjo,
mmoja katoka Bandani, mmoja mke wa mchungaji,
tunakunywa uji na kusema yasiyosemeka kanisani.
Siku ya ishirini na tatu nilionja.
Ndiyo. Nilikuja mwenyewe nikakwambia,
ukahesabu upya: moja.
Okoth ana kilo tano kasoro kidogo.
Vidole vimetulia, ila akiwa usingizini,
na hapo sijui kama ni mimi au ni ndoto.

Mama Aloo amepata ulimi mwingine.
Apondi, miaka kumi na tisa, mcheshi.
Jana nilimwona akiinama penye pipa la nne,
mkono mmoja kiunoni, kwa namna ninayoijua.
Nikageuza ndoo tupu, nikaketi upande wake.
Sikumwuliza anakunywa nini.
Nilimwuliza: usiku, unalala?