Zimebaki Kumi na Tatu

Siku ya kwanza gurudumu lilinipa shilingi hamsini.
Hamsini bure, nimelala chali, Magongo,
mguu mmoja nje ya neti.
Ya pili, thelathini, na ua jekundu likachanua kiooni
likaniita bingwa kwa jina langu: Shee, bingwa.
Hakuna aliyewahi kuniita hivyo siku mbili mfululizo.

Ya tatu nikapewa jembe.

Tazama tangazo la sabuni: senti kumi.
Lirudie mpaka mwisho, usigeuze macho: senti tano.
Penda picha ya mtu usiyempenda,
mfuate usiyejua aendako: senti mbili.
Mlango wa kutolea pesa uko kwenye mia tano.
Nilifika mia nne themanini na saba
nikaona mlango unarudi nyuma kwa adabu,
kama mdeni wako sokoni Kongowea
aliyekuona kabla hujamwona.

Mimi ni karani wa bandari, kazi yangu kuhesabu.
Mzigo ukishuka nachora vijiti vinne wima, cha tano kinavikata,
na sijapoteza hata gunia.
Basi nikahesabu na hili, nyuma ya risiti ya tokeni:
bando la ishirini, siku thelathini na moja.
Mia sita na ishirini, ili nilipwe mia tano
ambazo sijalipwa.
Nikaikunja risiti.
Nikazungusha gurudumu.

Usiniulize mimi. Waulize waliolichonga,
wanaojua kipimo cha chambo:
kikizidi, samaki hushiba akaenda zake.

Ndipo wakasema: alika mtu, pata kumi,
zitaiva naye akialika mwenzake.
Nikawapanga watu wangu kama shehena.
Mbeyu wa duka la mkaa: kumi mbichi.
Athmani, tuliyenuniana tangu mazishi ya babake,
nilimwandikia "habari za siku nyingi, ndugu yangu,"
na chini yake kiungo.
Alijibu upesi, maskini. Alifurahi.
Akauliza watoto wako darasa la ngapi.
Kumi mbichi.

Jana saa tano usiku simu ikatetemeka. Mama, kutoka Mtongwe.
Mama hutuma sauti tu, herufi zinamkimbia macho.
Safari hii aliandika, kubwa zote:
MWANANGU BONYEZA HAPA ZIMEBAKI KUMI NA TATU

Nikabonyeza.
Kioo kikazunguka kidogo, kikafikiri,
kikasema: mtu huyu tayari ni wetu.

Hakupata kitu.