Mita ya Arobaini

Karatasini mlima ulikuwa mstari,
niliuvuta kwa penseli, pumzi moja.
Juu ya Soni, mita ya arobaini,
mwamba ukageuka ugali wa moto:
ukiugusa, unakufuata mkononi.

Shemhilu, msoma miamba, alipanga sampuli kwenye masanduku
kama mhogo wa kuanika,
akavunja kipande kwa vidole viwili,
akanyamaza.
Siku hiyo tulichimba mita moja.
Kesho yake, nusu.
Tao la chuma, wavu, zege la kupuliza,
kisha kungoja, sikio ukutani,
tusikie kama mlima umeridhia.

Ijumaa ukatoa maji.
Si tone. Mfereji mzima, baridi, safi,
ukatuvua buti.
Tukatega bomba, nikaandika daftarini:
lita tisa kwa sekunde.

Jumatatu akashuka mama mmoja kutoka kileleni,
ndoo mbili, kanga kiunoni,
akawapita walinzi bila salamu.
"Chemchemi yetu imekauka," alisema.
"Maji yamehamia kwenu. Nimeyafuata."

Hakuna aliyejibu.
Shemhilu alivua helmeti,
akakinga, akamtwisha.

Usiku, chini ya zile lita tisa,
niliandika:
toa ndoo mbili.