Kabla ya Msumari

Usipige bado, Nyemo. Gonga kwanza kwa kifundo cha kidole,
usikilize.
Pu. Hapo ni plasta tu, imeachana na udongo.
Pu. Pu.
Ko.
Hapo kuna nguzo, mpingo aliousimika babu
mwaka ule Mpwapwa walipokanda udongo kwa maji ya kuazima.

Saa ya stesheni ya Gulwe ina kilo kumi na nane.
Mama aliitundika peke yake, kwa hasira,
siku baba alipostaafu.
Ikashuka usiku na pande la ukuta,
na ndani ya pande, alama ya gumba, dogo, la mtoto.
Baba aliweka lake juu yake, akanyamaza.

Zungusha keekee polepole.
Likitoka vumbi jekundu, acha.
Likitoka jeusi,
kaza.